Kilo Elfu Mbili za Risasi

Substitut Lambrecht, naibu mwendesha mashtaka, hakuwa mtu wa kupiga kelele, lakini asubuhi ile ya Jumanne, tarehe saba Juni 1955, alilitupa faili juu ya meza ya Liévin Kilondo kwa nguvu hadi kidau cha wino kikapinduka.

"Nimechoka na simu za Hautecour," alisema kwa Kifaransa. "Nenda gerezani, mhoji fundi wake kwa mara ya mwisho, tafsiri majibu yake, uniletee kesho kabla ya saa sita. Alhamisi ninampeleka mbele ya hakimu."

Liévin alifuta wino kwa karatasi ya kukausha, akafungua faili. Mwaka wa saba sasa alikuwa msaidizi wa upelelezi na mkalimani katika parquet ya Élisabethville, ofisi ya waendesha mashtaka. Alikuwa na ruhusa ya kumhoji Mwafrika yeyote kuanzia Katuba hadi Kasenga. Mzungu hata mmoja hakuruhusiwa kumhoji.

Faili lilikuwa na kurasa nne. Jumapili ya Pentekoste, mashua ya tanga ya Monsieur Hautecour, mwenye karakana ya vyuma mjini, ilipinduka kwenye ziwa la bwawa la Lufira wakati wa mashindano ya klabu. Hautecour na wageni wake wawili walikuwa juu, wakaogelea, wakaokolewa. Mfanyakazi wake Chileshe, mtu wa Kasenga aliyejua mashua tangu utoto, alikuwa kwenye chumba cha ndani. Huyo alikufa. Siku ya pili yake Hautecour alitoa maelezo kwamba ubao uliotengenezwa na fundi Abibu ulifunguka, maji yakaingia, mashua ikalala. Abibu alikamatwa jioni hiyohiyo. Mashahidi wawili waliapa kwamba wiki mbili kabla, fundi alisimama ufukweni akampigia bwana wake kelele: "Hii mashua itaua muntu!"

Chini ya maneno hayo Lambrecht alikuwa amepiga mistari miwili ya wino mwekundu. Pembeni aliandika: Vitisho.

"Monsieur le Substitut," Liévin aliuliza, "nani ameiona mashua?"

"Mwenyewe ameiona."

"Na sisi?"

Lambrecht alivaa miwani, akamtazama. "Kama unapenda kutazama mbao zilizooza, katazame. Lakini kesho, kabla ya saa sita."

*

Uwanja wa karakana ya Hautecour ulikuwa nyuma ya reli, moshi wa kiwanda cha shaba ukipita juu yake. Liévin aliegemeza baiskeli ukutani. Kabla hajafika langoni vizuri, Hautecour alikuwa amekwisha kumzibia njia: mtu mnene, mikono ya shati imekunjwa, shingo nyekundu.

"Wewe nani?" alisema kwa kile Kiswahili cha amri ambacho wazungu wengi walikizungumza. "Nani natuma wewe hapa?"

"Parquet, Monsieur," Liévin alijibu kwa Kifaransa safi, akampa karatasi yenye muhuri.

Kifaransa kile kilimuudhi Hautecour kuliko muhuri. Aliisoma karatasi mara mbili, akairudisha kwa kuiangusha chini. "Dakika kumi. Na usiguse kitu."

Liévin aliinama, akaiokota karatasi, akaikung'uta vumbi taratibu, akaikunja. Kisha akaingia.

Mashua ilisimamishwa juu ya magogo, imeegemezwa nguzo kila upande. Nyuma iliandikwa jina, *Régine*, na chini ya jina, Antwerpen 1911. Ilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne. Hautecour alijisifu mjini kote kwamba aliipata kwa bei ya motokaa mbovu, kwa kuwa Ulaya hakuna aliyetaka tena mashua nzito ya mbao. Liévin alipima kwa utepe: urefu mita tisa na robo, upana mita mbili na theluthi moja. Ilikuwa nyembamba kama jani la muhogo. Mlingoti ulilazwa chini kando yake. Aliutembea kwa hatua, akapata mita kumi na moja. Urefu ule wote kwa mashua yenye upana ule!

Upande wa kushoto, ubao mmoja ulikuwa wazi, umetoka kwenye mataruma, miti ya ndani inayoshikilia mbao, kama ubavu uliovunjika. Liévin alisogeza uso. Mashua ilikuwa imelala siku nne chini ya ziwa kabla ya kutolewa Alhamisi, na tope jeusi lilikuwa limeingia katika kila ufa na kukauka humo. Lakini nyuma ya ubao ule hapakuwa na tope. Mti ulikuwa mweupe, mkavu, na pembeni mwake palikuwa na alama mbili za mtaimbo.

Aliandika kwenye daftari: *Ubao ulifunguliwa baada ya mashua kutoka majini.*

Kisha alipiga magoti akatazama chini. Uti wa chini wa mashua, ule unaoanzia mbele hadi kwenye usukani, ulikuwa na rangi nyekundu mpya. Kwenye rangi ile aliona vizibo saba vya mbao, vya mviringo, vimepangwa kwa mstari mmoja. Kila kimoja kilikuwa na upana wa sarafu. Hakujua maana yake. Alivihesabu tena, akavichora.

Ndani ya mashua alisikia brashi. Wafanyakazi wawili walikuwa wakisugua chumba cha ndani kwa maji na sabuni, wakianzia mbele. Liévin alipanda ngazi haraka.

"Nani aliwatuma kuosha?"

Mmoja aligeuza macho kule alikosimama bwana wao.

"Mutoke kidogo."

Walitoka. Sakafu ya nyuma ilikuwa bado haijaoshwa. Katikati ya tope jeusi palikuwa na mchanga, mchanga mwekundu wa kujengea, umejaa kwenye kona, pamoja na nyuzi za gunia. Alichota kidogo cha kila kimoja akatia katika bahasha mbili. Halafu akageuka kutazama mlango aliopitia. Ulikuwa mlango mdogo wa kusukuma, mti mgumu wa mvule, wa kupita mtu mmoja akiinama. Kipingo chake cha shaba kilikuwa upande wa nje tu. Alikijaribu mara sita: lazima ukiinue kwa kidole, halafu ukizungushe robo duara ndipo kishike. Aliufunga mlango kutoka ndani, akawasha kiberiti.

Upande wa ndani wa mlango ule mti ulikuwa umekwaruzwa kutoka juu hadi chini, mikwaruzo mifupi, mingi, mingine imeingia ndani sana.

Kiberiti kilimuunguza vidole. Aliwasha cha pili, akachora. Aliposukuma mlango na kutoka, Hautecour alikuwa amesimama juu ya ngazi.

"Dakika kumi zimekwisha."

"Zimekwisha, Monsieur," alisema Liévin. "Parquet inaomba mashua isioshwe tena."

"Parquet au wewe?"

Liévin alishuka, akapita karibu naye kiasi kwamba mabega yao yaligusana, na hakuomba radhi.

*

Gerezani walimletea Abibu akiwa amefungwa pingu. Alikuwa mtu mzima wa Maniema, Mwislamu, ndevu zimeanza mvi. Baba yake na babu yake waliunda mashua za Ziwa Tanganyika. Alikaa, akatazama ukuta.

"Jambo, baba Abibu. Mimi ni Kilondo wa ku parquet."

"Sina maneno," alisema Abibu. "Nilisema yote ku polisi. Nilisema saa nzima. Ule karani aliandika mustari moja: 'Anakubali alisema mashua itaua muntu.' Paka ile tu, basi! Sasa unataka niseme tena juu uandike mustari ingine?"

"Sikukuya na swali la polisi. Nilikuya na swali yangu." Liévin alifungua daftari, akamwonyesha mchoro. "Chini ya ile mashua niliona vizibo saba. Ni ya nini?"

Abibu aliutazama mchoro. Alisimama wima, pingu zikalia, askari akashika fimbo.

"Balitoa," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akapaza sauti. "Balitoa kweli! Nilikatala, balitafuta bengine, balitoa!"

"Balitoa nini, baba?"

"Risasi! Ile madini ya risasi, yenye uzito kupita chuma!" Abibu alikaa tena, lakini sasa mikono yake ilikuwa inafanya kazi hewani pamoja na pingu. "Sikiliza muzuri, uandike. Mashua ya kuvua samaki ya ku Kasenga, unaijua? Chini iko sawa meza. Inasimama juu ya mayi kwa upana yake. Régine haiko vile. Iko mwembamba, iko murefu, mulingoti yake inaenda juu sana. Kama ni kwa upana, upepo kidogo tu inaiangusha. Njo maana fundi wa kule Bulaya aliweka mukuku murefu chini, ule uti wa mashua, toka mbele mupaka ku usukani. Na chini ya mukuku akafunga kipande moja ya risasi, kilo elfu mbili, na bolti saba za shaba. Saba! Zile vizibo ni fasi ya bolti."

"Na kazi ya risasi?"

"Upepo ikipiga, mashua inalala. Mugeni anaogopa, anasema tunakufa. Lakini risasi iko inaikokota kwa chini, mashua inasimama tena. Ata ulalishe mulingoti mupaka iguse mayi, itasimama. Ile ni mashua ya safari, ya muntu kupita mu bahari na kulala ndani na bibi yake na batoto. Haiko ya mbio. Ni muzito, inaenda pole, lakini haiui muntu. Mbao yake ni ya zamani, lakini mbao ilikuwa muzuri, nilipima yote na nyundo."

"Na wakitoa risasi?"

"Inakuwa chupa bila kitu ndani. Itupe mu mayi uone."

"Sasa bwana Hautecour alitaka itolewe juu ya nini?"

Abibu alicheka kwa hasira. "Juu ya aibu! Ile ziwa ni ya bwawa. Miti ya zamani iko chini ya mayi, visiki tupu. Chini ya Régine inaingia ndani ya mayi metre moja na nusu, na zaidi. Siku ya kwanza iligonga kisiki mara tatu, rafiki zake bakamucheka. Akaniita: 'Abibu, toa ile kitu ya chini.' Nikasema, bwana, ukitoa, basi kata mulingoti nusu, punguza na matanga. Akakatala. Eti mulingoti njo urembo ya mashua. Nikamuambia mbele ya bantu bote, juu basikie: hii mashua itaua muntu. Akanifukuza. Sasa niambie weye, mwenye unajua kusoma: ile ni vitisho?"

Liévin aliandika kila neno. Alipomaliza alimsomea yote, polepole, tangu mwanzo. Abibu alisikiliza kichwa chini.

"Njo vile," alisema mwishoni. "Weka fasi ya mukono yangu, nitie kidole."

*

Maneno ya mtuhumiwa hayatoshi, na Lambrecht angesema hivyohivyo. Risasi ile ilikuwa imekwenda wapi, au iliwahi kuwepo? Liévin alikanyaga baiskeli hadi stesheni. Kila mzigo mkubwa ulioshuka kwenye treni ulipita juu ya mzani, na mzani ule ulikuwa na karani, Godefroid, aliyeimba naye kwaya ya parokia.

"Mashua?" alisema Godefroid. "Mukubwa, nani anaweza kuisahau? Mutaa muzima ilikuya kuiona." Alifungua kitabu cha mzani, akapitisha kidole. "Mwezi wa tatu, tarehe kumi na mbili. Ilitoka Lobito. Mashua moja, bila mulingoti: kilo elfu tano mia sita na makumi ine."

"Na wiki iliyopita ilirudi na kamyo, kutoka ziwani."

"Ilipita hapa, ndiyo. Kamyo yote ya mizigo inapita." Aligeuza kurasa. "Tarehe tatu mwezi wa sita. Ukitoa uzito ya kamyo... elfu tatu mia tano na makumi kenda." Akahesabu pembeni kwa penseli. "Inakosa elfu mbili na makumi tano. Ilikuwa mu mayi siku ine, mbao inakunywa mayi. Ilipaswa kuongezeka!"

"Nakili zile mistari mbili, utie sahihi na muhuri."

"Bwana Hautecour anajulikana na mukubwa wa stesheni, mukubwa Liévin."

Liévin aliweka viganja vyote viwili juu ya kitabu. "Chileshe alibakia mule ndani siku ine, Godefroid. Unafikiri nani alimuhesabu?"

Godefroid alimtazama, akachukua muhuri.

*

Mtaani Katuba, wanawake waliofika kwenye msiba walikuwa bado wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba. Virginie, mjane wa Chileshe, alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa cheusi kichwani. Aliposikia neno parquet hakusimama.

"Mulikuwa wapi?" alisema. "Tulimuzika Ijumaa. Leo ni siku ya tano. Hakuna ata mumoja alikuya kuniuliza kitu."

"Pole, mama Virginie. Ni kweli. Hatukukuya."

"Kumbe unajua kusema pole." Alivuta kitambaa. "Uliza. Kiisha uende."

"Bwana yako alisema nini juu ya ile mashua?"

"Alirudia ku nyumba Jumamosi, hakukula. Akasema, 'Virginie, balikata mashua miguu.' Nikamuuliza, mashua iko na miguu? Akasema iko. Bantu ya karakana bakaikata. Sasa beko natia mifuko ya muchanga ndani, makumi tatu. 'Na mimi,' akasema, 'niko nakaa kule chini na mifuko. Upepo ikitoka huku, ninaikokota huku. Mashua ikigeuka, ninaikokota tena huku. Sawa punda.'"

Wanawake waliguna. Mmoja alianza kulia; Virginie alimnyamazisha kwa mkono.

"Alisema Jumatatu ataacha ile kazi," aliendelea. "Jumapili ilikuwa fete ya Pentekoste, bwana Hautecour akiwa na bageni, angekasirika. Jumatatu, akasema. Niko na swali, na mimi."

"Sema, mama."

Alinyoosha mikono yake miwili mbele ya uso wa Liévin, vidole wazi. "Nilimuosha mimi mwenyewe. Hakukuwa na makucha. Ku mikono yote mbili. Nikauliza munganga wa ku hopitali, akasema ni samaki ilikula. Samaki gani inakula makucha, inaacha macho?"

Liévin aliona tena mlango ule kwenye mwanga wa kiberiti. Alifunga daftari.

"Kesho nitakujibu," alisema. "Ukuye ku parquet, saa tano. Kama balinzi bakikukatalia, sema Kilondo alikuita."

*

Saa nne Jumatano Lambrecht alisoma ripoti akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa tatu alikaa. Alipomaliza aliondoa miwani, akafinya macho.

"Nilikutuma kutafsiri."

"Nimetafsiri, Monsieur le Substitut."

"Unajua unamshutumu nani?"

"Ninajua nimepima nini."

Lambrecht alipiga meza kwa ngumi, mara moja. Liévin hakutikisika. Kisha substitut akasoma tena ukurasa wa tatu, ule wa mlango na mikwaruzo, na uso wake ukabadilika rangi polepole.

"Mwite Hautecour," alisema. "Na fundi aletwe."

Hautecour alifika amevaa suti nyeupe, akavuta kiti bila kukaribishwa. Abibu alisimamishwa ukutani kati ya askari wawili. Liévin alikaa kwenye meza ndogo, mashine ya kuandika mbele yake. Virginie alikuwa nje barazani, kwenye benchi. Sauti yake ilisikika akibishana na mlinzi.

"Mashua yako ilikuwa na uzito wa risasi chini?" aliuliza Lambrecht.

"Haikuwa nao. Niliinunua hivyo. Mashua kuukuu, unajua."

Lambrecht alimsogezea nakala ya stesheni. "Ilipofika ilikuwa na uzito zaidi kwa kilo elfu mbili na hamsini."

Hautecour alitazama karatasi. "Karani mweusi hajui kusoma mzani."

"Muhuri ni wa reli. Ubao uliofunguka, uliuona lini? Maelezo yako ni ya Jumatatu. Mashua ilikuwa bado chini ya maji mpaka Alhamisi."

"Niliona maji yanaingia."

"Na mtaimbo uliingia lini?"

Hautecour alitoa leso, akafuta shingo.

"Risasi imo karakanani kwako," Lambrecht alisema. "Nimetuma watu asubuhi hii. Kipande kimoja, mashimo saba, kimefunikwa kwa turubai."

Liévin aliinua kichwa. Hakuwa ameambiwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba alimwona Lambrecht ameshika kalamu kwa nguvu hadi vidole vimekuwa vyeupe.

"Vizuri!" Hautecour aliinua mikono. "Niliitoa. Mashua ni yangu. Nikaweka mchanga badala yake. Hilo ni kosa?"

"Mchanga ulikuwa unahamishwa na nani?"

"Chileshe. Ndiyo kazi yake."

"Kwa nini hakutoka mashua ilipolala?"

"Alishikwa na hofu. Wanashikwa na hofu hawa. Mlango ulijifunga mashua ilipopinduka."

Liévin alisimama. "Monsieur le Substitut, ninaomba ruhusa."

Msaidizi mweusi hakuwahi kusimama katika chumba kile mbele ya shahidi mzungu. Lambrecht hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana. Liévin alimgeukia Hautecour.

"Kipingo kile kinainuliwa kwa kidole, halafu kinazungushwa robo duara. Nilikijaribu mara sita. Nilipiga mlango, nilitikisa mlango. Hakijifungi. Ni mkono wa mtu tu unaoweza kukifunga, na mkono huo uwe nje. Nje mlikuwa watatu. Nani alikifunga?"

"Mimi sijibu maswali ya..." Hautecour alisimama, kiti kikaanguka. "Lambrecht! Unamwacha huyu aniulize mimi?"

"Basi nijibu mimi," alisema Lambrecht. "Nani alikifunga?"

"Alikuwa anatoka kila mara!" Hautecour alipaza sauti, mate yakamtoka. "Nilimwambia abaki chini! Akitoka, mashua inayumba. Mara tatu alitoa kichwa mbele ya wageni wangu, eti bwana, turudi, bwana, tutakufa. Aibu gani ile? Nilifunga kwa dakika tano tu! Dakika tano, mpaka tupite boya!"

Abibu hakujua Kifaransa, lakini alijua uso wa mtu aliyesema jambo lisilorudishwa. "Amesema nini?" aliuliza. "Kilondo, amesema nini?"

Hautecour alikuwa amebaki mdomo wazi, akimtazama Lambrecht kama anayesubiri kuambiwa kwamba hayakusikika.

"Andika, Kilondo," alisema Lambrecht.

Liévin alikaa. Aliandika kila neno, mara tatu alitoa kichwa, turudi, tutakufa, dakika tano. Alitoa karatasi, akaiweka mbele ya Hautecour pamoja na kalamu.

"Monsieur anasaini hapa."

"Sisaini."

"Tutaandika kwamba amekataa," alisema Lambrecht. "Atabaki ndani mpaka mwendesha mashtaka mkuu aamue. Mfungueni yule pingu."

Abibu alifunguliwa. Alisugua vifundo vya mikono, akamwendea Liévin. Hakushukuru.

"Siku tisa," alisema. "Siku tisa nililala mule, na nilisema kweli tangu ya kwanza. Na kama usingetazama chini ya mashua?"

Liévin alikusanya karatasi zake, akatoka barazani.

Virginie alisimama. Mlinzi alikuwa bado amemshika mkono. Liévin alimwondolea ule mkono.

"Ulisema utanijibu."

"Haikukuwa samaki, mama." Aliongea taratibu, akimtazama machoni. "Alifungiwa. Bwana Hautecour alifunga mulango kwa inje, juu Chileshe alikuwa anaomba barudie. Mashua ikapinduka. Alikwaruza ule mulango mupaka mwisho. Niliona kwa macho yangu, na nimeiandika, na ameikubali."

Alitegemea kilio. Virginie hakulia. Alikunja kitambaa chake cheusi, akakifunga kiunoni kama mwanamke anayekwenda kupigana, akashuka ngazi, akasimama katikati ya njia inayotoka mlangoni hadi kwenye gari la polisi.

Hautecour alitoka kati ya askari wawili, suti nyeupe imelowa mgongoni. Alimwona mwanamke mbele yake, akapinda kupita pembeni. Virginie akapinda pia.

"Unitazame," alisema.

Hautecour alitazama gari. Askari mmoja alimsogelea Virginie. Kutoka mlangoni Lambrecht alimpa ishara asimame.

"Nilisema unitazame! Miye njo bibi yake!"

Watu walikuwa wamesimama barabarani, weusi na weupe, baiskeli mikononi. Gari lilikuwa linanguruma. Hautecour alisubiri kidogo, labda akidhani mtu atamwondoa mwanamke yule njiani. Hakuna aliyesogea. Basi akainua uso, akamtazama.